Chupa Iliyojaa: Uchambuzi wa Kisa cha Masingini

Kisa hiki kilitokea Jumapili moja ya mwezi wa Februari, katika msitu wa Masingini, Unguja. Tulipanda mlima watu 14. Karibu na saa sita mchana mmoja wetu, dada wa miaka 27, alianguka, na kwa dakika kadhaa hakujua yuko wapi. Yu hai, mzima, na amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti la kutomtaja jina. Kiongozi wa safari nilikuwa mimi. Nimewauliza wenzangu mmoja mmoja waliona nini na saa ngapi, nimekaa naye yeye mwenyewe mara mbili mbele ya mama yake, na ninayaandika haya kwa sababu yaliyompata yangeweza kumpata mtu mwengine wiki hiyo hiyo, kwenye mlima wowote au bila ya mlima.

Kikundi chetu ni cha majirani wa Ng'ambo. Tulikianzisha kwa ajili ya wazee wetu waliopimwa wakakutwa na sukari na presha, na daktari akawaambia watembee. Kwanza tulitembea pwani jioni, kisha vijana wakajiunga, na vijana hawatosheki na pwani. Wakaanza kusema: Masingini, Masingini.

Masingini ndipo mahali palipo juu kuliko pote Unguja, na kimo chake ni kama mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Hesabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Nilipoitaja kwenye kikao watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nani ataogopa mita 120? Zaidi ya hapo, baadhi yetu tumewahi kuishi bara, na mtu aliyeishi Lushoto anajua kwamba ukipanda mlima unapata baridi. Ni kweli. Hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000, ndiyo maana Lushoto, iliyo juu ya mita 1,300, watu huvaa sweta wakati Tanga wanajipepea. Ipigeni hesabu hiyo kwa Masingini: hupati hata nyuzi moja. Mpando unao, jasho unalo, lakini ule upoaji unaomlipa mpanda mlima haupo.

Jambo la pili tulilolikosea ni maji. Msitu huu umehifadhiwa hasa kwa sababu ya maji. Mvua inayoanguka kwenye mgongo wa Masingini huzama ndani ya udongo na kutokea chini, kwenye chemchemi za upande wa Bububu, na tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, maji ya Bububu yamekuwa yakivutwa kwa mabomba hadi mjini. Kila mtoto wa mjini kayanywa. Kwa hiyo watu wetu kadhaa walibeba vichupa vidogo, wakiamini kwamba penye asili ya maji hapakosi maji. Chemchemi ziko chini ya mlima. Huko juu maji yako ndani ya ardhi na ndani ya majani, na mtu mwenye kiu hana njia ya kuyafikia.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Tulipanga kuondoka saa moja asubuhi. Gari tuliyoikodi ilifika saa tatu na robo. Hapa ndipo uamuzi wa kwanza ulipotakiwa, na hatukuuamua. Tulipanda tu gari, kwa sababu pesa zilikuwa zimeshalipwa na watoto wa watu walikuwa wamesimama barazani na vyakula vyao tangu asubuhi. Safari ya saa moja na safari ya saa tatu si safari moja. Februari, kwetu sisi tulio karibu na nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua la mchana hukaa karibu kabisa na utosi. Kivuli cha mtu hujikunja chini ya miguu yake. Ni kaskazi, masika bado, na mchana joto hufika nyuzi 32 na zaidi pamoja na unyevunyevu wa bahari. Kwa kupoteza saa mbili tulikuwa tumeuhamisha mpando wote kutoka asubuhi hadi mchana wa jua kali.

Kabla ya kuanza kutembea, saa nne kasoro robo, nilisimama juu ya jiwe nikauliza kwa sauti: "Jamani, kuna mwenye maradhi? Kuna mwenye tatizo lolote?" Watu 14, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, wakanyamaza. Nikasema Bismillahi, tukaanza.

Dada huyu alikuwa amefunga. Shaabani ilikuwa imeshapita nusu, zikibaki siku 11 Ramadhani iingie, naye alikuwa na deni la siku sita la Ramadhani iliyopita. Ile ilikuwa siku yake ya tatu ya kulipa. Wasomaji wangu wengi hawahitaji kuambiwa kwa nini mwanamke huwa na deni hilo, na kwa nini hataki kulitaja mbele ya wanaume. Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii, kama tulivyo wengi wetu Visiwani, kulichelewesha deni hilo bila ya udhuru hadi Ramadhani nyengine iingie kuna dhambi na kuna fidia ya chakula kwa kila siku. Ndiyo maana Shaabani nyumba nyingi huwa na wanawake wanaofunga kimya kimya. Na baada ya nusu ya mwezi, wafungaji wa sunna wengi huwa wameacha, kwa hiyo hakuna anayefikiria kwamba mwenzake amefunga. Ukiuweka mwezi huo pamoja na majira, kama yalivyokutana miaka ya karibuni, unapata watu wengi waliofunga kwa siri katika siku za joto kuliko zote za mwaka. Hilo ndilo nililopaswa kulijua. Mama yangu amelipa madeni yake mbele ya macho yangu utoto wangu wote.

Kwa nini hakubaki nyumbani? Nilimuuliza. Alisema siku mbili za kwanza alifunga akiwa kazini, dukani, chini ya kiyoyozi, wala hakuhisi kitu. Na alikuwa ameshaahidi kuja, angekataa ingebidi atoe sababu.

Njia inaanza na udongo mwekundu, ule ambao wakulima wanauita kinongo, kati ya mikarafuu na mizambarau. Kisha miti inakaribiana na jua linakatika. Wengi walifurahi: "Ah, afadhali, kivuli!" Nami nilifurahi. Lakini mwili wa mtu anayepanda hautengenezewi baridi na kivuli peke yake. Misuli inapofanya kazi inatoa joto, na joto hilo hutoka zaidi kwa njia ya jasho linalokauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu, ni maji yaliyopotea bure. Ili likauke linahitaji hewa kavu au upepo. Pale pwani tunapotembea jioni, upepo wa kaskazi unalikausha kabla hujaliona. Ndani ya msitu upepo huo huo unapita juu ya vilele, unausikia ukivuma kwenye majani, na chini hakuna hata unyoya unaotikisika. Hewa imejaa mvuke unaotoka kwenye majani na udongo. Tuna neno letu la hali hiyo, fukuto, na sijui neno jengine linalofaa zaidi. Tulikuwa tumeingia kwenye fukuto tukidhani tumeingia kwenye ubaridi.

Vijana walikuwa mbele. Hili ni kosa ambalo kila kiongozi wa matembezi hulisikia na wengi tunalirejea. Wa mbele hufika mahali pa kupumzika, hukaa, hunywa, hupiga picha. Wa mwisho anapofika akihema, wa mbele wameshasimama: "Haya, twende." Kwa hiyo aliyechoka zaidi ndiye anayepumzika kidogo zaidi, na kila kituo kinaongeza tofauti hiyo. Dada huyu alianza katikati ya msafara. Kituo cha kwanza alikuwa wa kumi. Kituo cha pili alikuwa wa mwisho, na rafiki yake alikuwa akimsubiri.

Kituo hicho cha pili kilikuwa kwa ajili ya kima punju. Walikuwa kundi zima juu ya mti, wekundu mgongoni, nywele nyeupe zimesimama juu ya paji la uso. Asili yao ni kisiwa hiki tu, na hawa wa Masingini waliletwa miaka ya 1970 kutoka kusini ya Unguja. Tulisimama robo saa tukiwatazama, kwenye uwazi, juani. Nimezitazama tena picha za pale. Katika picha moja wote tumeinua vichwa, isipokuwa yeye: amekaa chini, kichwa kati ya magoti, baibui jeusi, mkoba mapajani. Picha imechukuliwa saa tano na dakika 20. Kwa dakika 40 zaidi tuliendelea kupanda.

Ndani ya dakika hizo mambo manne yalionekana na watu wanne tofauti. Rafiki yake aliona amejikwaa kwenye mizizi mara tatu. Kijana mmoja alimpa chungwa, akakataa. Mama mmoja alimpa maji, akasema "nimeshakunywa." Na mimi, niliporudi nyuma kumuuliza hali, nilimwona mikono yake imesimama vinyweleo kama mtu mwenye baridi. Kwenye joto lile! Nikasema moyoni labda ana homa ndogo, nikamwambia: "Pole, mwanangu, tumekaribia." Kila mmoja alikuwa na kipande chake na hakuna aliyewaambia wengine. Kupoteza uwezo wa kuweka mguu sawa, kichefuchefu kinachokataza hata chungwa, vinyweleo kusimama juani: yakikutana hayo, mtu anazidiwa na joto na safari yake imekwisha.

Ishara ya tano ilikuwa kubwa kuliko zote, nami naifikiria kila siku. Kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake kulikuwa na chupa ya maji. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kizibo hakijakatwa. Saa sita kasoro, baada ya saa mbili za mpando, wakati chupa za wengine wote zilikuwa zinakaribia kwisha. Ilikuwa wazi kwa macho ya kila aliyetembea nyuma yake.

Alianguka hatua chache kabla ya mgongo wa mlima. Hakupiga ukelele, alikaa, kisha akalala ubavu. Rafiki yake alipomwita, alimjibu kwa jina la dada yake aliye Pemba.

Yaliyofuata yalichukua dakika kumi za mkanganyiko. Mmoja alisema kaguswa, misitu ina wenyewe, na akaanza kumsomea Ayatul Kursiyyu. Simlaumu, mimi mwenyewe niliisoma. Ila mikono yetu sote ilikaa tu wakati midomo inasoma, na mikono ingeweza kufanya kazi. Mwengine alisema tumbebe haraka tumshushe garini. Kijana alipofungua chupa ya maji kutaka kummwagia, sauti mbili zikamzuia: mwili wa moto ukimwagiwa maji ya baridi utapata kichomi. Imani hiyo nimeisikia tangu mdogo na ni lazima niseme wazi kwamba si ya kweli. Mtu aliyezidiwa na joto mpaka anachanganyikiwa, dawa yake ni kupozwa, pale pale, kwanza, kabla ya kubebwa. Joto la mwili likivuka nyuzi 40 huanza kuumiza ubongo, ini na figo, na kila dakika inayotumika kumbeba akiwa bado wa moto ni dakika ya kuumizwa. Wala usingoje mpaka ngozi yake ikauke ndipo uamini ni joto; anaweza kuwa anatoka jasho na hali ni mbaya vile vile.

Aliyetutoa kwenye mkanganyiko ni bibi mmoja wa kikundi, mwenye sukari, aliyekuwa akitembea polepole na kufika nyuma ya wote. Aliinama, akaweka sikio lake karibu na mdomo wa yule dada, akamuuliza kwa sauti ambayo sisi wanaume hatukuisikia. Baadaye nilijua aliuliza nini: "Mwanangu, umefunga?" Akaitikia kwa kichwa.

Bibi akasimama akatoa amri. Wanaume geukeni. Khanga zikafunguliwa, mbili zikashikwa kama pazia, baibui likavuliwa. Vijana wawili wakatumwa chini mbio. Kwenye gari tulikuwa na dumu la lita 20, maji ya kutilia udhu wa adhuhuri. Hakuna aliyelihesabu katika maji ya safari kwa sababu lilikuwa la sala. Mpaka lifike walitumia mabaki ya chupa zetu, wakailowesha khanga moja na kumfunika nayo, na mtu mmoja akampepea kwa upepeo wa ukindu uliokuwa kwenye kikapu cha chakula. Dumu lilipofika wakammwagia kuanzia kichwani, shingoni, makwapani, wakalowesha tena, wakapepea tena. Khanga ya pamba iliyolowa pamoja na upepeo ndiyo ile hewa na lile jasho ambavyo msitu ulikuwa umemnyima.

Alipopata fahamu na kumtambua rafiki yake, bibi alimpa maji. Akayakataa. Kwa sauti dhaifu lakini ya kueleweka alisema: "Bibi, hii ni ya deni." Alikuwa sahihi kwa alichofundishwa: saumu ya kulipa ni faradhi, na ukishaianza huivunji bila ya udhuru. Bibi alimjibu: "Udhuru ndio huu, mwanangu. Mungu anadai siku, hakudai roho yako. Siku utamlipa." Akatoa tende kwenye kikapu, akaimega nusu. Wakati huo adhana ya adhuhuri ilikuwa inapanda kutoka misikiti ya chini. Akafuturu saa sita na nusu mchana, kwa nusu tende na mafunda madogo ya maji, tukatia na chembe za chumvi iliyoletwa kwa ajili ya maembe mabichi. (Kipimo kamili, kwa anayekihitaji, ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Madafu ni mazuri, lakini chumvi yake ni ndogo mno kwa mtu aliyetoka jasho jingi.)

Baada ya nusu saa aliweza kukaa. Tulimshusha taratibu, akapelekwa hospitali, akatundikiwa dripu, na baada ya magharibi alikuwa nyumbani. Walimpima sukari pia, haikuwa imeshuka. Hilo ni muhimu kwa uchambuzi, kwani wengi mtaani walisema "ni njaa." Kilichomwangusha ni kiu na joto kwa pamoja. Alikula daku saa kumi usiku. Mpaka anaanguka alikuwa na saa nane bila ya tone la maji, na saa mbili za mwisho mwili wake ulikuwa unamwaga jasho ambalo halimpozi.

Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja: angesema mwenyewe. Sikubali. Swali langu la juu ya jiwe lilikuwa swali ambalo yeye hakuwa na njia ya kulijibu. Niliuliza maradhi, na saumu si maradhi. Niliuliza mbele ya wanaume, na jambo lenyewe halisemwi mbele ya wanaume. Niliuliza wakati kila mtu ameshavaa viatu, ambapo anayejibu "ndiyo" anaharibu siku ya watu 13. Ukiuliza hivyo, kimya unachokipata hakikuambii kitu, na mimi nilikihesabu kuwa ni jibu.

Sasa bibi yule ndiye anayewauliza wanawake, siku moja kabla, nyumba kwa nyumba, na haniambii nani amesema nini, ananiambia tu "kesho twende pwani" au "kesho twende mlimani." Sihitaji kujua zaidi. Aliye taratibu kuliko wote ndiye anayetangulia mbele. Kila kituo natazama chupa, na chupa iliyojaa inanisimamisha kuliko mtu anayehema. Dumu la udhu linapanda nasi, vijana wanapokezana. Gari isipofika saa moja u nusu, hatupandi, pesa zipotee. Hilo la mwisho bado lina ubishi kwenye kikao, kwa sababu pesa za gari kwa baadhi yetu si kidogo, na mwezi uliopita tuligawana hasara kwa manung'uniko.

Yeye mwenyewe alipumzika siku mbili. Zilikuwa zimebaki siku nne za deni, pamoja na ile iliyovunjika, na siku tisa za mwezi. Alizifunga nyumbani, moja moja, akipisha siku katikati, mama yake akimpikia uji wa daku. Nilipokwenda kumwomba ruhusa ya kuandika, aliniomba jambo moja tu: niwaambie wenzake kwamba ile ya Masingini ameshailipa, na mwezi uliandama hana deni.